Yoga kwa Wavulana wa Mysore

Desturi ya kuwafundisha watoto yoga kwa pamoja, kwa ratiba na chini ya mwalimu anayelipwa, si ya kale kama inavyodhaniwa, kwani hatha yoga, yaani tawi linalohusu mwili na pumzi, ilihusishwa kwa karne nyingi na watawa waliojitenga na dunia. Badiliko lilionekana wazi huko Mysore, kusini mwa India, ambako maharaja Krishnaraja Wodeyar IV alimfadhili mwalimu wa yoga T. Krishnamacharya na kumwezesha, mwaka 1933, kufungua yogashala, yaani shule ya yoga, katika kasri la Jaganmohan. Wanafunzi walikuwa hasa wavulana, wakiwamo wa ukoo wa kifalme, na mtindo waliofundishwa, wa kuunganisha asana, yaani mikao ya mwili, kwa miruko inayofuata mpangilio wa pumzi, uliwafaa vijana kuliko wazee. Wavulana hao walionyesha pia mikao migumu hadharani, jambo lililoieneza yoga ingawa, ni haki kusema, liliisogeza karibu na sarakasi. Miongoni mwao alikuwa B.K.S. Iyengar, shemeji wa mwalimu, aliyefika akiwa amedhoofishwa na maradhi, na ambaye baadaye alisimulia ukali wa malezi hayo bila kuuficha. Katika miaka hiyohiyo mtawala wa Aundh, pia nchini India, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alihimiza surya namaskar, mfululizo wa mikao ya kulisalimu jua, katika shule za himaya yake. Yogashala ya Mysore ilifungwa mwaka 1950, baada ya ufadhili wa kifalme kukoma.