Chemosit na Dubu wa Nandi: Nusu ya Mtu Iliyopotea

Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika mmoja wa fasihi simulizi ya Wanandi aliyevuliwa utu wake na maandishi ya kikoloni. Mhusika huyo ni Chemosit.

A. C. Hollis, katika kitabu chake The Nandi kilichotolewa mwaka wa 1909, anamweleza kuwa nusu mtu, nusu ndege. Ana mguu mmoja, matako tisa (wafasiri wenye haya huparuka hapa) na kinywa chekundu kimulikacho usiku mfano wa taa. Hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki. Lakini linalostahili kuzingatiwa zaidi na mhakiki ni namna awindavyo: huimba. Watoto waonapo mwanga na kusikia wimbo hudhani pana ngoma, wakaufuata, wakaangamia.

Mwaka wa 1912 Geoffrey Williams alichapisha habari za mnyama mfano wa dubu aliyedai kumwona Uasin Gishu. C. W. Hobley naye akakusanya taarifa za namna hiyo. Tangu hapo jina la Chemosit likaambatanishwa na "Dubu wa Nandi", ijapokuwa dubu hapatikani porini Afrika Mashariki, na mjadala ukawa wa nyayo, manyoya na fisi. Ndege alitoweka, mtu akatoweka, na wimbo pia, kwani dubu haimbi.

Sirena wa Wayunani, nusu wanawake nusu ndege, nao waliua kwa kuimba. Wasomi wao waliwaacha katika ushairi. Mji wa Nuremberg, Ujerumani, una katika nembo yake tai mwenye kichwa cha mfalme, wala hakuna anayemsaka msituni. Kwa nini wa kwetu ndiye aliyetafutiwa nyayo? Jibu, kwa maoni yetu, ni kwamba masimulizi ya Mwafrika yalisomwa kama ushahidi mbovu wa elimu ya wanyama, si kama fasihi.

Huku Kitale, katika mtaa kama Tuwan ambapo Wabukusu na Wakalenjin ni majirani, Chemosit na linani wa Kibukusu huweza kufasiriwa wote kwa neno moja la Kiswahili, zimwi. Neno hilo lina heri kuliko dubu: angalau zimwi husema. Hata hivyo linafunika tofauti iliyo muhimu, kwamba Chemosit hamvamii mtoto, humwalika. Mkusanyaji wa ngano mtaani humo na aanze na wimbo, ndipo aulize habari za mguu.