Kinanda cha Mdomo na Mafundi Wake

Trossingen ni mji mdogo ulioko kusini mwa Ujerumani, juu ya uwanda wa baridi unaopakana na Msitu Mweusi. Ardhi yake haina rutuba nyingi, na hapo zamani wenyeji wake hawakuweza kuishi kwa jembe peke yake. Majira ya baridi yalipowafungia majumbani walishika kazi za mikono. Wengine walifuma nguo. Wengine waliunda saa za mbao, kisha wakazibeba mgongoni na kuzitembeza kijiji hata kijiji wakitafuta wanunuzi. Katika mji huo ndipo ilipokua biashara ya vinanda vya mdomo, nayo ilianza kama zinavyoanza biashara nyingi, yaani kwa mtu mmoja kuitazama sana kazi ya mwenziwe.

Hatuna budi kwanza kukijua chombo chenyewe. Kinanda cha mdomo ni kidogo, hata huingia katika mfuko wa shati. Ndani yake mna kipande cha mti kilichochongwa vyumba vidogo vidogo. Juu na chini ya mti huo hufungwa mabamba mawili ya shaba. Na katika kila bamba zimekatwa nafasi nyembamba, kila nafasi ikiwa na ulimi wake wa shaba ulioshikizwa upande mmoja kwa ribiti. Pumzi ikipita, ulimi hutikisika, nao mtikisiko huo ndio sauti. Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20, kwa kuwa kila tundu lina ulimi mmoja wa kupulizia na mmoja wa kuvutia. Wachina walikuwa na chombo chenye ndimi za namna hii, jina lake sheng, tangu zama za kale sana. Kodiani nayo ni ndugu yake wa damu, ila pumzi yake hutoka katika mivukuto badala ya kifua cha mtu. Hivi kwamba waliocheza mwomboko katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1940 walikuwa wakichezea ndimi za namna hiyo hiyo, wajue wasijue.

Vinanda vya mdomo vilianza kuuzwa katika mji wa Vienna katika miaka ya 1820. Kimoja, yasemekana, kilifika Trossingen mikononi mwa Christian Messner, mfumaji wa nguo, naye akakifungua, akakitazama, akaona kwamba angeweza kuunda kama hicho. Alivyounda vilinunuliwa. Hapo akaificha kazi yake: hakuwafundisha ila jamaa zake, na mmoja wa jamaa hao, Christian Weiss, baadaye akafungua karakana yake mwenyewe.

Matthias Hohner alizaliwa mwaka wa 1833 katika kijiji cha Deißlingen, karibu na Trossingen. Alikuwa fundi wa saa, na kazi ya kutembeza saa barabarani haikumpendeza. Basi akawa na desturi ya kumzuru Weiss katika karakana yake, akikaa na kuzungumza, huku macho yake yakifuata kila tupa na kila nyundo. Inasimuliwa kwamba hatimaye Weiss aling'amua nia ya mgeni wake, akamwonyesha mlango. Lakini alikuwa amechelewa. Mwaka wa 1857 Hohner alianza kuunda vinanda nyumbani kwake, akisaidiwa na mkewe na msaidizi au wawili, na katika mwaka huo wa kwanza wakamaliza vinanda 650.

Wako wanaoisimulia habari hii kwa kicheko, kana kwamba ni werevu mtupu. Mimi naona Weiss alistahili kukasirika. Sheria moja ya kulinda uvumbuzi katika Ujerumani nzima haikutungwa hata mwaka wa 1877, na fundi mdogo hakuwa na ngao ila mlango wake. Hata hivyo Messner naye alijifunza kwa kufungua kinanda cha mtu wa Vienna, wala hatusikii kwamba alimlipa mtu huyo chochote.

Hohner aliwazidi wenziwe katika mambo ambayo hayakuwa ya ufundi. Jina lake alilipiga chapa juu ya bati la kila kinanda, ili mnunuzi alijue na kuliulizia tena. Mwaka wa 1862 alianza kupeleka vinanda Marekani, ambako wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wengi na chombo cha bei nafuu kilipata soko pana. Tena alileta mashine za kukata shaba na kuchonga mti, na baadaye nguvu ya mvuke. Kufikia mwaka wa 1887 vinanda vilivyotoka kwake vilizidi milioni moja kwa mwaka. Kazi nyingine iliendelea kufanyiwa majumbani mwa watu, mezani pa chakula, na wanawake na watoto waliolipwa kwa hesabu ya vipande. Tusisahau mikono hiyo tunapolitaja jina moja lililopigwa chapa. Mwaka wa 1898 mji ukapata reli yake ndogo ya umeme ya kuuunganisha na njia kuu. Hohner aliwaachia wanawe watano biashara mwaka wa 1900, akafariki mwaka wa 1902. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni yao iliwameza washindani wao wa Trossingen, na ile ya Messner ikiwa mojawapo.

Mwaka wa 1896 kampuni ilikuwa imetoa kinanda kilichoitwa Marine Band. Mti wake ulikuwa wa peasi, na mabamba yake yalipigiliwa misumari midogo. Kilikusudiwa nyimbo za kienyeji za Kijerumani na muziki wa bendi. Lakini huko Marekani kilitwaliwa na watu weusi wa kusini, wajukuu wa watumwa, nao wakakifanyia jambo ambalo mafundi wa Trossingen hawakulitazamia. Badala ya kupuliza zaidi walivuta zaidi, na kwa kuugeuza ulimi na koo waliipinda sauti ikashuka chini ya mahali pake, ikalia kama mtu alalamikaye. Muziki wao ulipohamia miji ya kaskazini, Little Walter alikishika kinanda pamoja na kipaza sauti huko Chicago, na mwaka wa 1952 wimbo wake usio na maneno, uitwao Juke, ulikuwa wa kwanza katika orodha ya nyimbo za watu weusi wa Marekani. Baadaye kidogo, karibu na mwaka wa 1970, Howard Levy akavumbua namna ya kupuliza hata zikapatikana sauti zote 12 za ngazi ya muziki katika kinanda ambacho kwa maumbile yake hakina zote.

Ndipo shida ilipoanza. Ustadi wa wapigaji ulikuwa ukipanda, na wengi wao walilalamika kwamba vinanda vya kiwandani vya miaka ya 1970 na 1980 havikuwa sawa na vile vya zamani: pumzi ilivuja, mti ulifura kwa mate, ndimi zilichelewa kuitika. Joe Filisko, mpigaji na mwalimu kutoka Joliet karibu na Chicago, aliamua kutolalamika tu. Alivichunguza vinanda vya kale, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 alikuwa akitengeneza vyake kwa agizo la mteja mmoja mmoja. Levy alikuwa miongoni mwa waliovipiga. Wengine wakamfuata, kama Richard Sleigh wa Pennsylvania, wakawa mafundi wachache wanaojuana, kila mtu na meza yake.

Kazi ya meza hiyo ni ya subira. Fundi hununua kinanda kipya cha kiwandani, hung'oa misumari yake bila kuyapinda mabamba, kisha huusugua mti na shaba mpaka nyuso zake ziwe sawasawa na pumzi isipate pa kupenyea. Mti huutia nta au rangi ya kuzuia maji. Huzibana kingo za kila nafasi zikaribie ulimi bila kuugusa. Halafu huuweka kila ulimi katika kimo chake, maana ukiinuka mno hunyonya pumzi nyingi, na ukilala mno hukwama. Mwisho hulinganisha sauti. Akikwangua shaba kidogo kwenye ncha, ulimi huwa mwepesi na sauti hupanda. Akikwangua karibu na ribiti, ulimi hulegea na sauti hushuka. Mkwaruzo mmoja uliozidi waweza kuuharibu ulimi, na ndimi ni 20.

Twaweza kuona sasa kwa nini biashara hii ni nyembamba. Saa za fundi ndizo bidhaa yake, nazo haziongezeki. Kinanda chake huuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya kile cha dukani, na bado huenda mshahara wake kwa saa ukawa mdogo. Akisifiwa, maagizo hujaa na wateja hungoja miezi mingi. Akiajiri wasaidizi wasio na mkono wake, sifa huanguka. Tena malighafi yake yatoka katika kiwanda kilekile anachokikosoa. Wako waliojaribu kujitenga kabisa na viwanda vikubwa: Harrison Harmonicas ya Rockford, Illinois, ilikusudia kuunda kinanda kizima chenye ubora wa meza ya fundi, ikasifiwa sana, kisha ikafungwa mwaka wa 2011 huku baadhi ya waliokwisha kulipa wakingali wanangoja vinanda vyao. Kununua mashine, kulipa vijana na kuunda ndimi kwa maelfu ni kazi ya mtaji mkubwa, si ya ustadi peke yake.

Na huko Trossingen? Safari hii wageni wenye macho makali walitoka kiwandani. Rick Epping, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Hohner, alishirikiana na Filisko, na mwaka wa 2005 kampuni ikatoa Marine Band Deluxe: mti uliozibwa usifure, na skrubu mahali pa misumari. Mwaka wa 2009 kikafuata kingine, Marine Band Crossover, chenye mwanzi badala ya mti wa peasi. Yale ambayo mteja aliyalipia kwa fundi, sehemu yake sasa aliyapata dukani. Mafundi wa meza hawakufunga karakana zao kwa sababu hiyo. Wengi wao hununua vinanda hivyo vipya, kwa kuwa skrubu hufunguka upesi kuliko misumari, na asubuhi ya kazi huanzia mbele kidogo ya pale ilipokuwa ikianzia zamani.