Mababa wa Kanisa na Swali la Nani Aimbe

Tulipokuwa tukijiandaa kwa Jubilii hii, mama mmoja mzee wa jumuiya yetu alitusimamisha nje ya kanisa akatuambia: "Wanangu, mnaimba vizuri sana. Lakini siku hizi mimi nakuja Misa kama mgeni mwalikwa. Nakaa, nasikiliza, naenda nyumbani." Maneno hayo yalituletea ubishi wa wiki tatu katika mazoezi. Baadhi yetu tulisema sauti nne zimekaa sawa na waumini wakiingilia watatupoteza. Wengine tukasema kwaya isiyoimbisha watu ni kikundi cha tamasha. Tulipoanza kusoma habari za viongozi wa Kanisa la mwanzo kwa ajili ya kijitabu hiki, tukakuta ubishi wetu una umri mkubwa kuliko kwaya yetu.

Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, gavana Mroma wa Bithinia katika nchi ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu Wakristo aliokuwa akiwahukumu. Alieleza kwamba hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama wanavyoimbiwa miungu. Karibu na miaka hiyo hiyo, Mtakatifu Inyasi, askofu wa Antiokia, alikuwa akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari ili akauawe. Njiani aliwaandikia Waefeso kwamba mapadre wao wanapatana na askofu kama nyuzi na kinubi, na akawaomba waumini wote wawe kwaya moja. Mtu anakwenda kutupiwa wanyama wakali, na bado anafikiria sauti zipatane!

Wimbo ukaja kuwa silaha. Mwanzoni mwa karne ya nne, padre mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, na kwamba hakuwako tangu milele. Mafundisho yake aliyatia katika mashairi, na mwanahistoria mmoja wa kale anasimulia kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri. Mtaguso wa Nikea ulimhukumu mwaka 325. Lakini maaskofu kutia sahihi ni jambo moja, kuutoa wimbo katika vinywa vya watu ni jambo lingine. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua: watu wakishashika wimbo vibaya, kuwarekebisha ni kazi ya mwaka mzima.

Viongozi hawakuitikia kwa namna moja. Mtakatifu Atanasi, aliyempinga Ario akafukuzwa mara tano katika kiti chake cha uaskofu, inasemekana alimtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo tu, hata iwe kama anasema badala ya kuimba. Mtakatifu Efremu, shemasi wa Siria, alishika njia nyingine kabisa. Mji wake wa Nisibi ulipokabidhiwa kwa Waajemi mwaka 363, alihamia Edesa, mahali ambapo mwanafalsafa Bardaisan alikuwa ameeneza mawazo yake kwa nyimbo zaidi ya karne moja kabla. Efremu akatunga zake kujibu, na akawafundisha wanawake kuziimba kanisani. Kwa hiyo akina mama wa sauti ya kwanza, nafasi yenu haikuanza juzi.

Lakini aliyetugusa zaidi ni Mtakatifu Ambrosi wa Milano. Alikuwa gavana, tena hajabatizwa, alipokwenda kanisani mwaka 374 kutuliza ghasia za uchaguzi wa askofu, na watu wakapaza sauti kwamba wanamtaka yeye. Mwaka 386 Yustina, mama wa Kaisari kijana Valentiniano wa Pili, alidai kanisa moja la mji lipewe wafuasi wa Ario. Ambrosi akakataa. Waumini wakajifungia pamoja naye kanisani, usiku na mchana, tayari kufa, na askari wako nje. Ili watu wasivunjike moyo kwa huzuni na uchovu, wakaanza kuimba tenzi na zaburi kwa desturi ya makanisa ya Mashariki.

Tuliziangalia tenzi za Ambrosi jinsi zilivyoundwa. Beti nane, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Hata asiyejua kusoma angeushika kwa usiku mmoja. Wapinzani wake walilalamika kwamba amewaroga watu kwa nyimbo, naye katika mahubiri akajibu kwamba hakatai, kwa kuwa sasa kila mmoja amekuwa mwalimu wa imani. Mwishowe jumba la kifalme lilirudi nyuma.

Monika alikuwamo katika umati ule. Mwanawe Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, alibatizwa na Ambrosi Pasaka ya mwaka 387, na anakiri kwamba nyimbo za kanisa lile zilimliza sana. (Ule msemo wa kwamba aimbaye husali mara mbili, tuliouandika mgongoni mwa fulana zetu, huambiwa ni wake, lakini haupatikani hivyo katika vitabu vyake. Fulana zimekwisha kuchapwa.) Miaka kadhaa baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika katika Maungamo kwamba kila sauti inapomvuta kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi, na heri asingemsikia mwimbaji. Kisha anakumbuka yale machozi, anasema desturi ya kuimba iendelee. Anayumba huku na huku, na hafichi kwamba anayumba.

Nasi tumeyumba vilevile. Nyimbo mpya za sauti nne tumeziacha wakati wa matoleo na baada ya komunyo. Wimbo wa shukrani tumeubadilisha: ni ule wa zamani mnaoujua wote, bila kinanda, kwa kupokezana. Upande wa kushoto wataanza, upande wa kulia watapokea. Yule mama tumemwomba akae kiti cha mbele upande wa kushoto.