Minyororo Iliyofunguliwa Mwaka 1815

Watu wa Masisi na Walikale wameonja vita miaka mingi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakafika milima ya Masisi. Maelfu walikufa, wengi wakakimbia. Vita vingine vikafuata. Wako waliopona mwili, lakini akili yao ikajeruhiwa: hawalali, hulia usiku, wengine hutaka kujiua.

Mara nyingi sisi makatekista ndio huitwa kwanza. Tunamkuta mgonjwa amefungwa kamba, na majirani wanasema amerogwa.

Ulaya nako walifungwa. Mjini Gent, Ubelgiji, wagonjwa wa akili walikaa na minyororo chini ya ngome ya kale. Mwaka 1815 Padre Petrus Jozef Triest aliwafungua, pamoja na Mabruda wa Mapendo, shirika aliloanzisha mwaka 1807. Mabruda hao walifika Kongo mwaka 1911, na baadaye mjini Goma wakawatunza wagonjwa wa akili katika hospitali iitwayo Tulizo Letu.

Lakini njia ya Goma ikifungwa na vita, tufanyeje? Tusimwache mgonjwa peke yake. Tumfungue kwa upole, tuondoe panga na sumu, tumsindikize mpaka kituo cha afya kilicho karibu. Tusali naye, lakini sala isimzuie kumeza dawa. Bwana wetu hakumwogopa yule mtu wa Gerasa aliyekaa makaburini. Alimponya, kisha akamrudisha nyumbani kwa watu wake. Nasi tumpokee wa kwetu.