Kichwa cha Maua: Istilahi ya Kuutambua Mchunga

Kinachoitwa ua la mchunga, ile mboga chungu ya majani, si ua moja. Ni maua mengi madogo yaliyokaa juu ya kitako kimoja, yakazungukwa na vijani vya kijani vilivyobanana, hata jicho likadhani limeona ua moja la manjano. Wanabotania huliita umbo hilo capitulum, neno la Kilatini lenye maana ya kichwa kidogo. Kwa Kiswahili naliita kichwa cha maua, na kila ua dogo lililomo naliita kijiua.

Wajerumani walichagua picha nyingine. Kwao umbo hili ni kikapu kidogo, na jamii nzima ya mimea yenye umbo hilo, yenye spishi zaidi ya 23,000, wanaiita mimea ya maua ya kikapu. Ni picha nzuri, lakini kwetu kikapu cha maua ni kile cha harusini. Kichwa kinatufaa zaidi kwa kuwa wakulima wa alizeti wanalo neno hilo tayari: vichwa vimeinama, vichwa vimekauka, ndege wamevivamia vichwa. Mtunga istilahi akikuta neno linaishi shambani, alichukue.

Kijiua nacho kina sababu yake. Kiua kingekuwa kifupi zaidi, ila tumekwisha kukizoea katika kiuadudu na kiuatilifu. Na pareto, ambayo ni ya jamii hii hii, hutoa dawa ya kuulia wadudu kutoka katika vichwa vyake vya maua. Mtu akiandika "viua vya pareto", msomaji ataelewa maua au sumu? Silabi moja, ji, inamaliza utata.

Sasa chuma kichwa kimoja cha mchunga, Launaea cornuta kwa jina la kisayansi, mutsunga kwa Wamijikenda. Kipasue katikati kwa ukucha, kisha uchomoe utepe mmoja wa manjano. Mtu angeuita petali. Utazame nchani: una meno matano, alama ya petali tano zilizoungana. Chini umejikunja kuwa mrija, na ndani ya mrija unapita uzi mwembamba wa kike unaogawanyika matawi mawili juu. Kitakoni ipo ovari ndogo, na juu yake nywele nyeupe laini zitakazoibeba mbegu kwenye upepo. Hilo ni ua kamili, na kichwa kizima kimejaa mengine ya namna hiyo.

Vijiua hivi vyenye utepe naviita vijiua vya ulimi. Alizeti ina vya ulimi pembeni tu. Katikati ina vijiua vya mrija. Kishona nguo ni hivyo hivyo, na mara nyingine hukosa kabisa vile vyeupe vya pembeni. Mchunga hauna vya mrija hata kimoja. Ukiona vya ulimi kuanzia pembeni hadi katikati, na shina likikatwa linatoa utomvu mweupe, umeshafika kwenye kundi lake.

Hapo bado kuna Sonchus oleraceus, mmea unaofanana nao sana na unaoota kando ya njia na bustanini. Kichwa hakitoshi kuitenganisha mimea hii miwili, maana nao una vijiua vya ulimi vitupu. Fukua. Sonchus hung'oka na mzizi mmoja mkuu na maisha yake ni ya msimu. Mchunga hukatika, kwa sababu chini yake lipo shina linalotambaa ardhini, na kila kipande kilichobaki huchipua upya. Ndiyo maana palizi ya jembe huuzidisha, jambo linalowaudhi wenye mahindi na kuwafurahisha wapenda mboga.

Kwa anayetaka kuupanda, vipande hivyo ndivyo mbegu ya uhakika. Vizikwe kwa kina kidogo mvua zinapoanza, mahali penye jua, katika tuta lililotengwa, la sivyo mchunga utaingia kwenye mchicha. Majani huvunwa yakiwa machanga, kabla shina halijapanda kubeba vichwa, maana uchungu huongezeka kadiri mmea unavyokomaa. Wapishi wa pwani huyachemsha, humwaga maji ya kwanza, kisha huyaunga kwa tui la nazi, mara nyingi pamoja na mboga nyingine isiyo chungu.