Insha ya Makerere na Ukumbi wa Kaloleni

Mashindano ya insha huhesabiwa na wengi kuwa jambo la wanafunzi: mada hutolewa, mshindi hutunzwa, na karatasi hutiwa kabatini. Lakini zipo insha ambazo hoja yake humfuata mwandishi umri wake wote.

Kati ya 1943 na 1945 Julius Nyerere alisomea ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda. Akiwa huko aliingia katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, akashinda. Alizichukua hoja za John Stuart Mill, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1869 kitabu juu ya kutawaliwa kwa wanawake, akazipima kwa maisha ya Wazanaki, watu wa kwao. Mada hiyo hakuiokota vitabuni tu. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Mtemi Burito.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, katika ukumbi wa Kaloleni ambao sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio hilo hukumbukwa kwa miiko ya viongozi na kwa mabenki yaliyotaifishwa baada yake. Fungu lake juu ya juhudi halitajwi sana. Humo yasemwa waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, ilhali wanaume wa huko wako likizoni nusu ya maisha yao. Septemba mwaka uleule, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu aliisifu jamii ya jadi kwa udugu wake, kisha akaitaja kasoro yake: umaskini, na kumweka mwanamke chini. Aijuaye insha ya Makerere hatashangaa.

Hata hivyo, hoja iliyoshinda tuzo haikuwa imeshinda sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotungwa katika utawala wake, iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa msichana. Ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziamue kuwa tofauti hiyo yapingana na Katiba.

Waamuzi wa Makerere walimaliza kazi yao siku ya kutoa tuzo. Swali aliloliandika kijana yule lilibaki kwake, na baada yake likabaki kwa nchi.