Jiko la Pwani Lililoandikwa Ujerumani

Watu wengi hudhani ya kuwa khabari za maisha ya nyumbani huandikwa na wale waliokaa nyumbani. Huku pwani mambo hayakuwa hivyo. Viko vitabu viwili ambavyo twavitegemea sana tutakapo kujua namna watu wa Unguja na wa Mrima walivyoishi majumbani mwao katika karne ya 19, navyo vyote viwili viliandikwa Ujerumani, na watu waliokuwa mbali na kwao, wakila chakula cha wengine. Cha kwanza ni kile cha Seyyida Salme binti Said, aliyeitwa Emily Ruete baada ya kubatizwa, kilichotoka Berlin mwaka 1886. Cha pili ni *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka Göttingen mwaka 1903, na sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hapa twataka kuvitazama kwa jambo moja tu, nalo ni jiko. Kwa kuwa twaona ya kuwa vitabu hivi havikulihifadhi jiko kwa namna moja, na sababu yake ni lugha.

Seyyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1866 alitoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden, naye amekwisha kuchukua mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Huko Aden alibatizwa na kuolewa kwa siku moja, tarehe 30 Mei 1867, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Hakujua Kijerumani. Lugha ya mume na mke nyumbani ilikuwa Kiswahili, na nje ya mlango wa chumba chao hapakuwa na wa kusema naye. Alizaa watoto watatu walioishi. Na mwezi wa Agosti 1870 mumewe akaanguka katika gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa. Mjane huyu alikuwa hajatimiza miaka 26.

Ni vema kukumbuka alikotoka. Katika kitabu chake aeleza ya kuwa nyumbani kwa baba yake watu walikula mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, wakiketi chini kuizunguka meza ndefu ya kimo kifupi, kila mtu kwa daraja ya umri wake. Masuria, wajapokuwa wamependwa namna gani, hawakula pamoja na Seyyid. Mkono wa kuume ndio uliotumika. Jikoni mlipikwa kwa ajili ya mamia ya watu. Unga, mchele na sukari vikipokewa kwa wingi, na samli ikitoka kaskazini, hasa kisiwa cha Sokotra. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakuwa na kazi jikoni. Alikuta chakula kimekwisha andikwa.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya jiko la Hamburg. Mahali pa mafiga matatu pana jiko la chuma lililojengewa, lalishwa makaa ya mawe, na moshi wake hutoka kwa bomba. Chakula cha mji ule kilikuwa viazi, kabichi, mkate mweusi mzito, samaki wa chumvi, siagi na nyama ya nguruwe. Lakini si kila kitu kilikuwa kigeni. Wafanya biashara wa Hamburg walikuwa na nyumba zao Unguja tangu zamani, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifanya mapatano ya biashara na Seyyid Majid. Tena Wajerumani hutia karafuu katika mikate yao ya tangawizi na asali wakati wa Noeli. Basi zao lile ambalo Seyyid Said alilisitawisha Unguja na Pemba ni katika vitu vilivyojulikana na wapishi wa huko kabla binti yake hajafika. Karafuu haihitaji kusema na mtu. Mwanamke mwenye nyumba ahitaji.

Hapo ndipo tufikapo kwenye lugha. Seyyida Salme asema katika utangulizi wake ya kuwa alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao walikuwa hawajui mengi juu ya asili ya mama yao ila ya kuwa ni Mwarabu na amezaliwa Unguja. Watoto hao walisoma Kijerumani, kwa hiyo mama akaandika Kijerumani. Na katika Kijerumani, kilicho shambani, kilicho gunlani na kilicho sahanini vyote huitwa *Reis*. Kwetu mpunga ni wa mkulima, mchele ni wa mwenye duka, wali ni wa mwenye njaa. Na mtu akikosea maneno haya matatu, hata mtoto mdogo humcheka. Alipoandika neno moja lile, kazi yote iliyo katikati ilipotea: kutwanga, kupeta, kuchagua, kuosha, kuinjika chungu, na kuupalia wali makaa juu ya kifuniko ukauke vema, mpaka upatikane ukoko ambao watoto hugombania.

Nazi ni zaidi ya hapo. Mtu wa pwani huanza na kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo ifike nazi yenyewe, na ikikauka ndani ya kifuu huwa mbata. Akiitaka kwa kupikia huikuna kwa mbuzi, akaikamua kwa kifumbu. Tui la kwanza lililo zito wengine huliita kasimile, hili huwekwa kando na kutiwa mwisho. Tui la pili, jepesi, ndilo la kuchemshia. Na makapi yaliyobaki ni chicha. Mjerumani ana neno la nazi, na tui huliita maziwa ya nazi. Twasema wazi ya kuwa jina hili si baya kwa macho, maana rangi yafanana. Lakini lamfanya msikiaji adhani ya kuwa kitu hiki hukingwa kama maziwa ya ng'ombe, au ya kuwa ni yale maji yaliyomo ndani ya dafu. Wazungu wengi wameshikilia kosa hilo mpaka leo. Vile vile neno kitoweo: samaki, nyama, kunde au mchicha vyaweza kuwa kitoweo, kwa kuwa neno halitaji kitu bali latuambia kazi yake mbele ya wali au ugali. Mwandishi wa Kijerumani hulazimika kutaja samaki au nyama, na ile desturi ya kugawanya chakula kuwa cha kushibisha na cha kutowelea hufichika.

Seyyida Salme hakuwa mvivu wa maneno. Aliyaacha mengi ya kwao yalivyo, ya mavazi, ya vyeo na ya vyombo, akayaeleza kwa wasomaji wake. Lakini mtu hueleza neno analoliona la ajabu. Maneno ya kila siku hufasiriwa upesi, na jiko limejaa maneno ya kila siku.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alifika Berlin mwaka 1900 kuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, chini ya Carl Velten. Wanafunzi wake walikuwa watu waliojitayarisha kwenda Afrika ya Mashariki kwa kazi za serikali, za biashara na za dini. Kwa hiyo alitakiwa kusema na kuandika maneno yale yale ya kwao, bila kuyapunguza. Katika *Desturi* mna khabari za kuzaliwa, za jando na unyago, za harusi, za ngoma, za pepo, za safari za bara. Na chakula kimo ndani ya mambo hayo mahali pake, kama kilivyo katika maisha. Kitabu kilitoka kwa jina la Velten. Ilipita miaka mingi, mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele. Twaona ni haki iliyochelewa.

Maisha yake yeye hayakuwa mepesi. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, akataka kurudi naye kwao. Serikali ya koloni ilikataa mume na mke hao wakae katika nchi, wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, kisha akawa akitafuta riziki kwa kuwahutubia watu juu ya Afrika ya Mashariki, na akafa Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika namna mgeni apokewavyo Bagamoyo alizuiliwa kumpeleka mkewe akapokewe.

Hata hivyo haifai kudhani ya kuwa Mtoro alituachia jiko zima. Yeye ni mwanamume na mwanachuoni. Salme ni binti wa mfalme. Hakuna kati yao aliyeketi juu ya mbuzi kukuna nazi za karamu. Waliopika Mtoni, na katika nyumba nyingi za wenye mali, walikuwa watumwa, na Salme aliutetea utumwa katika kitabu chake. Mikono iliyojua kiasi cha maji na cha moto haikushika kalamu. Ndiyo maana twajua daraja za kukaa mezani kuliko tujuavyo namna chakula kile kilivyoungwa.

Seyyida Salme aliirudia Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, lakini hakupatana na ndugu zake. Baada ya hapo alikaa Yafa na Beirut miaka mingi, karibu na chakula na lugha alizozizoea za Kiarabu, kisha akarudi Ujerumani mwaka 1914. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Aliacha pia barua alizoziandika kana kwamba anamwandikia rafiki aliye Unguja, zikieleza ugeni wake wa Ulaya. Hazikupata kutumwa, na zilichapishwa mwaka 1993 tu. Hizo nazo ziko katika Kijerumani, lugha ambayo rafiki huyo wa Unguja asingeweza kuisoma.

Majina ya hatua za nazi na ya tui hayafanani kutoka Lamu hata Kilwa, na twajua ya kuwa wako wazee wa pwani wanaokaa Maskati, London na Hamburg ambao huyatumia mpaka leo majikoni mwao. Tutafurahi kuyapokea, pamoja na jina la mji ambako msemaji aliyajifunza.